Toroli Namba Saba

Wifi yangu ni mnene. Hili nalisema mbele yake, na yeye hunijibu kwamba mimi ni mwembamba kwa sababu roho yangu inakula kila ninachomeza. Hatujagombana hata siku moja kwa maneno hayo, maana mawifi wasipotaniana watu hudhani kuna jambo. Nimeanza na unene wake kwa sababu usipoujua hutayaona maajabu yenyewe: kwa miaka tisa, mara mbili kila mwaka, mwanamke huyu mwenye mwili wa watu wawili alikuwa anapotea machoni pa serikali kabla hujamaliza kuhesabu ishirini.

Tunafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Ukisikia kufua usifikirie mtu na beseni. Mashuka ya hoteli sita na hospitali mbili huingia machafu kwa mlango wa nyuma na kutoka meupe kwa mlango wa mbele, na katikati ya milango hiyo kuna joto la kumfanya mtu ajutie dhambi zake. Mimi niko kaunta, mbele, penye feni. Wifi yuko nyuma kwenye pasi kubwa, ile inayolishwa shuka upande mmoja na kulitoa limenyooka upande wa pili. Kila kitu kinachoingia hutiwa alama kwa kalamu maalumu, yenye wino usiotoka kwa sabuni wala kwa dawa, ili shuka la hoteli hii lisiende kulaliwa kwenye hoteli ile. Kalamu hiyo wifi huichomeka kwenye kilemba chake, na hata nyumbani husahau kuitoa.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Mume wangu alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, tukapendana, tukaoana, akapata karatasi zake kupitia kwangu, jambo ambalo humkumbusha kila akiacha soksi sebuleni. Dada yake alikuja miaka miwili baadaye kutafuta kazi. Yeye hakuwa na wa kumpitia. Nilimtafutia wachumba wawili wenye karatasi safi, akawakataa wote. Mmoja alimkataa kwa sababu alikunja koti lake vibaya kabla ya kuketi. Basi akabaki bila kibali, akaajiriwa kiwandani kwetu, na akawa mmoja wa watu ambao hawapo.

Mwenye kiwanda tunamwita Tajiri. Si mtu wa makelele. Ana sauti laini, shati lililopigwa pasi na wifi, na kila akikunyima kitu anakuita mwanangu. Kwenye daftari alilopeleka serikalini, kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wanne: mimi, dereva, fundi wa mashine, na mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na miwili anayeumwa magoti na ambaye hajawahi kukunja hata leso pale. Wengine kumi na mmoja, wageni wote, hawakuandikwa popote. Hao kumi na mmoja ndio waliokuwa wanafua.

Chini ya kaunta yangu, usawa wa goti, kulikuwa na kitufe. Mkaguzi wa kazi akionekana mlangoni, wajibu wangu ulikuwa kukibonyeza kwa goti huku mdomo ukisema karibu sana mheshimiwa. Kengele ililia kule nyuma, na watu kumi na mmoja wakatoweka. Mkaguzi aliambiwa kwamba hiyo ni kengele ya mashine iliyomaliza kufua. Aliwahi kusema kwamba mashine zetu zina bahati, kila akifika ndipo zinamaliza.

Kila mtu alikuwa na mahali pake. Mrefu, mwenye kazi ya kupakua mashine, alipanda juu ya stuli nyuma ya mapazia ya hoteli yaliyotundikwa yakauke. Mwalimu, ambaye kwao alifundisha hesabu na hapa anakunja taulo, aliingia chini ya meza ya kukunjia na kujizungushia mifuko. Wifi aliingia kwenye toroli namba saba, lile kubwa la mfuko wa turubai, akajifunika vitambaa vya meza vyenye mchuzi wa harusi za watu. Yeye ndiye aliyewafundisha wote. Mgeni akiajiriwa, Tajiri alimwonyesha mashine, wifi akamwonyesha pa kujificha. Alikuwa na masharti yake: usikohoe, usicheke, na usiingie kwenye mashine ya kukaushia hata ukiona mle ndani pananukia vizuri.

Nilimuuliza siku moja huwa anafanya nini muda wote ule ndani ya turubai.

"Naandika barua," akasema.

Nikajua ananitania kama kawaida yake.

Mwenzangu, tulicheka sana, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mama yake wifi, mama mkwe wangu, alikuwa hai kule kwao, ana miaka themanini, macho yamepungua nguvu. Wifi alikuwa hajamwona miaka kumi na mmoja. Angevuka mpaka kwenda, asingeweza kurudi. Kila mwaka alimpelekea blanketi kwa mabasi, na kila mwaka mama alipiga simu kushukuru kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Mwaka jana akasema, "Mwanangu, usinitumie blanketi jingine. Njoo wewe." Wifi alikata simu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimwacha avioshe.

Halafu ikaja sheria mpya. Mwalimu ndiye aliyeileta, kwenye gazeti alilofungia taulo, akaisoma wakati wa chai kwa sauti ya darasani. Ilisema hivi: mkaguzi atafika mara moja kila mahali pa kazi, bila taarifa. Mgeni atakayekutwa kazini, na ikathibitika amefanya kazi pale miaka mitano, ataandikishwa siku hiyo hiyo na kupewa kibali cha kukaa, cha kufanya kazi, na cha kutoka na kuingia. Mwajiri aliyemficha ndiye atakayeshtakiwa mahakama ya kazi, si mfanyakazi. Asiyekutwa siku hiyo hana pa kudai.

"Soma tena hapo pa kutoka na kuingia," wifi akasema.

Mwalimu akasoma tena. Wifi akamwomba asome mara ya tatu, na Mwalimu, ambaye huwa hapendi wanafunzi wazito, akasoma bila kunung'unika.

Tajiri naye alikuwa ameisikia. Mchana ule ule alitukusanya, akatuambia kwamba anatupenda kama watoto wake na kwamba sheria hiyo ni mtego. "Watawaandika majina, wanangu, halafu watawafuata na lori." Kisha akaniita kaunta peke yangu. "Kengele ni ile ile, mwanangu. Siku isipolia, kesho yake tafuta feni nyingine ya kukaa chini yake." Aliyasema haya akitabasamu, na mimi nikatabasamu, na moyoni nikamtukana matusi ambayo hata mume wangu hajawahi kuyasikia.

Usiku huo hatukulala vizuri? Tulilala fofofo, tulikuwa tumechoka. Asubuhi wifi akaniambia tatizo lake. "Kuonekana si kazi ngumu, nitasimama tu pale kwenye pasi. Lakini miguu yangu hii, wifi, kengele ikilia hainisikii. Inakwenda yenyewe."

Mwalimu akasema tatizo hilo lina dawa: mazoezi. Nchi nzima watu hufanya mazoezi ya kukimbia moto na mafuriko, sisi tukawa tunafanya mazoezi ya kusimama tulipo. Kila Tajiri akitoka kwenda benki, mimi nilibonyeza kitufe, na watu kumi na mmoja walitakiwa kuendelea na kazi zao tu. Siku ya kwanza nilikwenda nyuma kuangalia, sikukuta mtu. Mwalimu mwenyewe alikuwa chini ya meza, bado ameshika gazeti lenye ile sheria. Akasema alikuwa anaokota kalamu.

Siku ya pili walibaki watatu. Siku ya tano wakabaki wanane, Mrefu akiwa amefumba macho na kushikilia mashine kwa mikono miwili. Wifi hakubaki hata siku moja. Siku ya sita alijifunga kwa mikanda ya aproni kwenye mguu wa meza ya chuma. Kengele ilipolia aliondoka na meza, akaiburuta hadi karibu na toroli namba saba, akaanza kupanda. Fundi wa mashine alicheka hadi akaketi sakafuni. Wifi hakucheka. Aliifungua mikanda polepole, na nilipomkaribia nikaona macho yake yamejaa.

"Huyu mama atakufa sijamwona kwa sababu ya miguu," akasema.

Nikamwambia asiwe mjinga, siku yenyewe ikifika kengele haitalia, maana mwenye goti ni mimi. Nilisema kwa ujasiri sana. Ujasiri wa kabla ya siku yenyewe huwa haunipigi chenga.

Mkaguzi alikuja Jumanne, saa nne, wakati wa chai. Ni mtu mfupi mwenye begi la ngozi na kalamu ya kubonyeza. Nilipomwona mlangoni niliukunja mguu wangu chini ya kiti, mbali na kitufe, nikasema karibu sana mheshimiwa, na nikajiona shujaa. Ushujaa huo ulidumu kama kufumba na kufumbua. Tajiri alitoka ofisini amenyoosha mkono wa kulia kumsalimia mgeni, na mkono wa kushoto akaupitisha juu ya mapaja yangu bila adabu hata kidogo, akabonyeza mwenyewe.

Nilijipa moyo kwamba wamefanya mazoezi wiki tatu. Tukaingia nyuma pamoja, mkaguzi mbele, Tajiri katikati, mimi mkiani.

Hapakuwa na mtu. Mashine zilikuwa zinazunguka. Shuka moja lilikuwa limeingia nusu kwenye pasi, likapita lenyewe taratibu na kuanguka chini upande wa pili. Mezani kulikuwa na vikombe kumi na viwili vya chai vinavyotoa mvuke, na kando ya meza alisimama fundi wa mashine peke yake.

"Chai yote hii ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Ya fundi," Tajiri akasema. "Ana kiu sana huyu."

Fundi, kwa kuogopea kazi yake, aliweka chini kikombe chake akachukua cha pili, akakinywa, akachukua cha tatu. Mkaguzi alimtazama hadi cha nne.

Kisha akafungua daftari. "Wafanyakazi ni wanne?"

"Wanne, kama siku zote."

"Na huyu mama wa miaka sabini na miwili bado anapakia mashuka?"

"Ana nguvu za ajabu," Tajiri akasema.

Mkaguzi akatazama dari. "Basi ieleweke," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa watu wanne waliokuwa mle, "nikishatia saini hapa, ukaguzi wa mahali hapa umekwisha. Sheria hainiruhusu kurudi."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema, na naomba nisiulizwe sana kuhusu hapo. Nilifungua mdomo. Nikawaza watoto wangu wawili, nikawaza mume wangu ambaye kazi hazimkai, na ulimi ukakauka. Niliona aibu wakati ule ule, si baadaye. Nilikuwa natazama toroli namba saba, na vitambaa vya juu vilikuwa vinapanda na kushuka kwa pumzi ya mtu, na sikusema kitu.

Kalamu ya mkaguzi ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili. Baadaye wifi alinieleza kwamba mkaguzi hubonyeza kalamu mara tatu ndipo anatia saini, yeye ameisikia miaka tisa, anaijua kama mapigo ya moyo wake.

"Mheshimiwa, usitie saini," vitambaa vya meza vikasema.

Vilianguka upande mmoja, na wifi akainuka na doa la mchuzi begani na kitambaa kimoja kichwani. Alitaka kutoka kwa heshima, lakini toroli lina magurudumu na sakafu yetu ina mteremko kuelekea mfereji wa maji. Alipoinua mguu mmoja toroli likaanza safari. Likapita mbele ya mashine, likampita Tajiri, likapungua mwendo, na kusimama lilipogusa viatu vya mkaguzi. Wifi akaviangalia viatu kwanza, halafu akainua macho pole pole.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. "Nilikudhania mrefu."

"Wewe ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Ni shangazi yangu," Tajiri akawahi kujibu. "Amekuja kunisalimia."

"Ndani ya toroli?"

"Anapenda mahali penye joto."

Wifi akajitambulisha kwa kazi yake, mpiga pasi, miaka tisa. Mkaguzi akasema, bila ukali, kwamba yeye ana maswali mawili tu. La kwanza, sheria inasema mtu akutwe kazini, na yeye amemkuta kajificha. La pili, hiyo miaka tisa nani anathibitisha, kwa maana kwenye daftari lake amekuja hapa mara kumi na nane na hajawahi kumwona.

"Kujificha ndiko kulikuwa kazi yenyewe," wifi akasema. "Kupiga pasi nilifanya nikipumzika. Na kuhusu kutoniona, mimi nimekuona kuanzia chini. Soma mwenyewe."

Akatoka torolini, akaushika ukingo wa turubai, akaugeuza nje mfuko mzima namna tunavyogeuza foronya. Ndani, kuanzia juu hadi chini, kulikuwa na mistari ya wino wa alama, imepinda kwa sababu mwandishi alikuwa amelala kiubavu. Turubai lile limefuliwa mara ngapi sijui, na herufi hazikuwa zimefifia hata moja. Kumbe hakuwa anatania. Kila mstari ulianza na tarehe, na baada ya tarehe likafuata neno mama.

Mkaguzi alivaa miwani, akapiga goti moja, akasoma kwa sauti, kidole kwenye turubai na kidole kingine kwenye daftari lake.

"Mama, leo ni mara ya kwanza. Mkaguzi ana viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika." Akafungua ukurasa wa nyuma kabisa. Tarehe ilikuwepo. Akatazama viatu vyake vya leo, vyeusi, akaendelea. "Mama, amepata kwikwi, nimesali asipone haraka, ili mimi nipate kupiga chafya." Tarehe ilikuwepo. "Mama, amekaa ukingoni juu yangu, anamlalamikia mtu kwa simu kwamba mkewe amebadilisha mapazia bila kumuuliza. Nadhani mkewe hana kosa." Tarehe ilikuwepo, na mkaguzi akakohoa.

Akafika mstari mmoja katikati akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikausoma. Mama, nimeambiwa umelazwa. Leo nimelia humu ndani, lakini kimya, hakusikia mtu.

Alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na kitu. Kisha akaivaa akaendelea na kuhesabu. Tarehe kumi na nane zikalingana zote. Ila kwenye turubai kulikuwa na moja ya ziada.

"Hii hapa sikuja," akasema. "Kwenye daftari haipo."

"Ulikuja," wifi akasema. "Hukuja na daftari. Ulikuja na mapazia."

Hata fundi aliacha kunywa chai.

"Ya maua ya njano," wifi akaongeza kwa upole. "Yale ya zamani. Tajiri alikufulia asubuhi hiyo hiyo, na mimi niliyapiga pasi wewe ulipokwenda kunywa soda ofisini kwake. Kwanza nilijificha, halafu nikaitwa nitoke niyapige pasi, halafu nikajificha tena uje uyachukue. Siku ile nilichoka."

Tajiri akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu toroli lianze kusema. Alimtazama mkaguzi kama mtu anayemtazama mwenzake. Nami nikaona kwamba wifi ameyamaliza mambo kwa mdomo wake mwenyewe, na nikatamani kumrudisha torolini na kumfunika.

Mkaguzi aliinuka, akapangusa goti. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa aibu. Akabonyeza kalamu, akaandika kwenye daftari, na alipokuwa anaandika alisoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Ziara ya kumi na tisa. Kwa shughuli binafsi. Mapazia. Mfanyakazi alikuwepo kazini." Akaweka nukta. "Hilo nitalijibu mwenyewe nikiulizwa," akamwambia Tajiri. "Sasa tujibu lako. Wako wangapi?"

"Wangapi nani?" Tajiri akasema.

Wifi akageukia upande wa mashine. Sijawahi kusikia akitumia sauti ile, sauti ya dada mkubwa anayewaita wadogo zake kula. "Tokeni," akasema. "Chai inapoa, na fundi ameshapitia vikombe vinne."

Mrefu akashuka kwenye stuli na pazia likamfuata. Mwalimu akatoka chini ya meza, akasema alikuwa anaokota kalamu, na safari hii alikuwa nayo mkononi kweli. Wengine wakatoka nyuma ya bomba la mvuke, nyuma ya magunia ya sabuni, na mmoja mahali ambapo mimi mwenyewe sikupajua, nikamwonea wivu. Mkaguzi akawaandika mmoja mmoja, jina, kazi na miaka, akiihakiki kwenye turubai, ambako wifi alikuwa amemwandikia mama kuhusu kila mgeni aliyemfundisha kujificha, na kila aliyeandikwa alikwenda kusimama penye kazi yake bila kuambiwa. Alipomaliza akapiga mstari juu ya jina la mama mkwe wa Tajiri. Halafu akamkabidhi Tajiri karatasi ya kuitwa mahakama ya kazi, na kunitaka mimi nimsaidie kusukuma toroli hadi kwenye gari lake.

"Toroli langu unalipeleka wapi?" Tajiri akauliza, na sauti ilikuwa imeacha kuwa laini.

"Ni kielelezo namba moja."

"Lina namba saba."

"Mahakamani litakuwa la kwanza," mkaguzi akasema.

Yaliyofuata ni mambo ya karatasi na sitayarefusha. Tajiri alihukumiwa, kiwanda kikaendelea chini ya masharti, na sasa kila mtu ana mkataba ulioandikwa na likizo ya siku ishirini na nane. Sheria imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, usawa wa macho ya Tajiri. Anatuita wenzangu. Neno hilo linamkwama kooni kila mara, na sisi tunamsubiri kwa subira hadi limtoke. Fundi aliking'oa kitufe chini ya kaunta na kuiweka kengele juu, ili wateja waibonyeze nikiwa nyuma. Halikuwa wazo zuri. Mteja mmoja akileta suti yake, watu kumi na mmoja wanashtuka, na Mrefu bado anaishia nyuma ya mapazia mara mbili kwa wiki. Tunamwacha atulie, anatoka mwenyewe.

Mimi nilimwomba wifi radhi kwa ulimi uliokauka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ulimi wako siku zote unafanya kazi usipohitajika," tukayamaliza hapo. Lakini jambo lile bado nalikumbuka.

Wa kwanza kuomba likizo alikuwa yeye. Tajiri alitia saini, wifi akavuka mpaka kwa mguu wake na kibali mkononi, mchana kweupe, bila blanketi. Siku ya tatu akanipigia simu. Nikamuuliza mama anaendeleaje. Kwanza nikasikia anacheka, halafu nikasikia si kicheko peke yake.

Alikuwa ameketi kitandani kwa mama yake, amemshika mkono, wanaongea. Nje akapita muuza mkate kwa baiskeli, akapiga kengele. Wifi anasema hakumbuki alivyofika, alijikuta tu uvunguni, kwenye vumbi, amebana pumzi. Mama, ambaye haoni vizuri, alipapasa godoro, akapapasa mto, akaita, kisha akainama polepole hadi mkono wake ukagusa kilemba.

"Toka, mwanangu," akasema. "Hapa ni kwenu."

Wifi anasema alibaki pale chini kidogo, si kwa kuogopa. Alitaka mama arudie.